Mkono wa Nsimire Ukutani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena na nyinyi mliosimama nje chini ya dirisha, maana leo mvua imetuonea huruma na watu wamekuja wengi kuliko mabenchi.

Mimi naitwa Bisimwa. Wengi wenu mnanijua kwa uso tu: yule papa mrefu wa ofisi, aliyekuwa anakuja ibadani na abacost, lile koti la kiofisi, iliyofungwa vifungo mpaka kooni, anaketi mbele, na wimbo wa mwisho haujaisha tayari ametoka. Ndiye mimi. Miaka mitatu sasa mchungaji ananiomba nisimame hapa, na miaka mitatu nakataa. Sikukosa la kusema. Nilikataa kwa sababu ushuhuda huu una aibu ndani yake, na aibu yenyewe ni yangu. Jana usiku nilimuuliza mke wangu, yule pale upande wa akina mama, niseme nini na niache nini. Akanijibu, "Sema yote. Usikate hata kipande."

Basi nisikilizeni.

Mungu alitupa mtoto wa kwanza, msichana. Tukamwita Nsimire, jina ambalo kwa lugha yetu ya Mashi ni la shukrani. Alikuwa mtoto mwenye afya, mcheshi, anamchekea kila anayemwinamia. Lakini alikaribia miaka miwili hajatamka neno hata moja. Siku moja sufuria ilimponyoka mke wangu, ikaanguka kwenye saruji nyuma ya mgongo wa mtoto. Mimi niliruka. Mtoto hakugeuka. Mke wangu akaiokota, akaiangusha tena, safari hii kwa makusudi. Mtoto hakugeuka. Akaiangusha mara ya tatu, kisha akaketi chini pale pale, akajifunika uso kwa kikwembe alichojifunga kiunoni.

Tulimpeleka kwa daktari kule Ibanda. Alimwangalia masikio, akapiga kengele ndogo huku na huku, akatuambia kwa upole kwamba hasikii kabisa na kwamba yeye hana dawa ya jambo hilo. Tukampeleka kwa watu wa maombi. Nilifunga, nilikesha. Nilimwambia Mungu, mfungue masikio nami nitakutumikia maisha yangu yote! Masikio hayakufunguka. Mama yangu mzazi akasema kuna mtu ametufunga. Wajomba zangu wakaanza kuuliza upande wa mke wangu kuna ugonjwa gani. Na mimi, ndugu zangu, badala ya kusimama mbele ya mke wangu nimkinge, nilinyamaza.

Nikaacha kumbeba mtoto. Sikumpiga, sikumnyima chakula. Nilikaa naye ndani ya nyumba moja kama vile hayupo. Mnajua kwetu mzazi anaitwa kwa jina la mtoto wake. Mtaani waliponiita Papa Nsimire, sikuitika. Nilitaka waniite citoyen Bisimwa, yaani raia Bisimwa, kama ofisini.

Na jioni moja shefu wangu, mkubwa wa ofisi, alipita kwetu kunywa chai. Mke wangu alimshika mtoto mkono akaingia naye chumbani, nyuma ya rido, pazia la mlangoni, maana ndivyo nilivyokuwa nimewazoeza: mgeni akija, mtoto asionekane. Shefu akakoroga sukari, akaniuliza, "Bisimwa, uko na batoto bangapi?"

Nikamjibu, "Bado, shefu."

Bado! Mtoto wangu wa miaka minne alikuwa hatua tatu kutoka kiti changu, na mimi nikasema bado. Shefu akacheka, akaniombea Mungu anijalie. Nikaitikia amina.

Wakati ule tulikaa mtaa wa Kadutu, kule juu ambako paa la nyumba yako linalingana na ua wa jirani wa juu yako. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, tumeipaka saruji kwa nje ipendeze. Nyuma yake, karibu sana, ulisimama ukingo wa udongo uliochongwa, urefu wake kama watu wawili, na maji yote ya walio juu yalishukia pale. Kulikuwa na mtaro wa kuyapitisha kando. Mtaro ulijaa taka na udongo. Mke wangu aliniambia mara ngapi! Jirani wetu wa chini, Papa Bahati, fundi seremala, alinigongea Jumamosi moja ya salongo, siku ambayo serikali ilitaka kila raia atoke na jembe. Akasema, "Papa Nsimire, ile mutaro ya nyuma yako imejaa. Kuya tuizibue pamoja, inaomba saa mbili tu."

Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa ofisi, na salongo yangu naifanyia ofisini. Akanitazama, akaweka jembe begani, akaenda zake. Tangu siku ile tulisalimiana kwa kichwa tu.

Katika msimu ule ule wa mvua, ikaja habari kutoka kijiji kimoja karibu na Lwiro kwamba mama mkwe wangu amezidiwa. Mke wangu alipaswa kwenda siku hiyo hiyo, juu ya mizigo ya lori lisilo na turubai. Nsimire alikuwa ametoka kwenye malaria, miguu yake bado haina nguvu. Hatukuweza kumpandisha kwenye lori lile. Ndugu zangu, nilikuwa sijawahi kulala na mtoto yule peke yangu hata usiku mmoja, na hofu ilinishika kama ninaachiwa mtoto wa mtu mwingine.

Mke wangu alinionyesha ishara walizotengeneza wao wawili. "Hii ni njaa. Hii ni usingizi. Akifanya hivi, anataka kutoka inje." Mimi nilikuwa natafuta soksi zangu. Basi akanishika kidevu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanigeuza uso, akasema, "Nisikie. Akikuvuta mukono, umufuate. Hana namna ingine ya kukuambia kitu."

Nikasema sawa, sawa. Akaondoka.

Usiku wa kwanza ulipita salama. Mchana, Mama Bahati, mke wa yule seremala, alinishikia mtoto nikaenda kazini, wala hakuniuliza habari za mtaro. Jioni ya pili nilimchukua, nikampa bugali na sombe, yale majani ya muhogo, nikamlaza. Nikafunga mlango kwa komeo. Punde si punde upepo ukatoka ziwani.

Wa Bukavu, mnaujua ule upepo! Ulikuja na mchanga kwanza, halafu mvua ya mawe juu ya mabati, halafu mvua yenyewe, nzito, kama mtu anamwaga mapipa. Na radi. Hapa niwaambie jambo ambalo ofisini hakuna aliyelijua: mimi naogopa radi. Nilipokuwa mtoto, radi ilimpiga baba yangu mdogo katika shamba la ndizi, na mimi nilikuwa nimemtangulia kidogo tu na kikapu kichwani. Tangu siku ile radi ikipiga, natafuta pa kujificha.

Paa likaanza kuvuja upande wa mlango. Nikavuta kitanda mpaka ukuta wa nyuma, mahali pakavu. Akili yangu yote ilikuwa kwenye paa. Nikapanda kitandani, nikajifunika blanketi mpaka kichwani kama mtoto mdogo. Radi ikapasuka juu yetu, na kitanda kikatetemeka kwa sababu mimi natetemeka.

Nsimire hakusikia kitu. Alikuwa ameketi, anatazama umeme ukipenya kwenye nyufa za dirisha, ananyoosha kidole kana kwamba ananionyesha kitu kizuri. Kisha akahisi ninavyotetemeka. Akafunua blanketi, akanitazama usoni kwa mwanga wa taa ya petroli. Na yule mtoto akaweka mkono wake kifuani pangu, akaanza kunipigapiga taratibu, taratibu, kama mama yake anavyomfanyia ili alale.

Ndugu zangu! Mtoto niliyemkana ndiye aliyekuwa ananibembeleza!

Nililia. Nililia mpaka nikashindwa kupumua. Miaka miwili nilikuwa sijaomba sala ya kweli, naomba zile za midomo tu, za watu kuona. Usiku ule nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, usinichukue leo, na huyu mtoto bado hajui kama mimi ni baba yake." Sala yangu yote ilikuwa hiyo. Sikuwa na nyingine.

Sijui ulipita muda gani. Mvua haikupungua. Nsimire alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, kiganja chake kimelala juu yake. Alikuwa na mazoea hayo: mchana, majirani wakitwanga sombe, alishika ukuta akatabasamu, na mimi nilikuwa nauona kama upuuzi. Sasa hakutabasamu. Aliondoa kiganja, akanitazama. Akakirudisha. Akanitazama tena. Akashuka kitandani, akanishika mkono, akanivuta.

Nilidhani anataka kujisaidia. Nikamsogezea ndoo. Akaisukuma kwa mguu, akanivuta kuelekea mlangoni. Mlangoni! Na nje radi inapasua mawe! Nikamrudisha kitandani, nikamfunika. Akajifunua, akanivuta tena. Hapo hofu ikanigeuka hasira, nikampigia kelele, "Lala! Lala, weye mutoto!" Nampigia kelele mtoto asiyesikia. Aliona mdomo wangu unavyokwenda, akaogopa, machozi yakamtoka. Lakini hakuniachia. Alikamata mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaubandika kwenye ukuta.

Ukuta ulikuwa unatetemeka.

Haukutetemeka kama wakati wa radi, kidogo kisha unatulia. Ulitetemeka mfululizo, kama ubavu wa lori lililowashwa injini. Nikainamisha taa. Chini, pale ukuta unapokutana na sakafu, potopoto nyekundu, tope zito, ilikuwa inasukumwa ndani polepole. Na neno la mke wangu likanijia lote: akikuvuta mukono, umufuate.

Nikamfuata! Nilijaribu kumfunga mgongoni kwa kikwembe cha mama yake, vidole vyangu havikujua wapi kuanzia. Nikakitupa. Nikachukua abacost yangu kwenye msumari, nikaivaa, nikamweka kifuani pangu na kumfungia ndani ya vifungo. Mlango ulikuwa umevimba kwa maji. Nikaupiga bega mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ukaachia, nasi tukatoka.

Zile ngazi zetu za udongo zilikuwa zimegeuka mto. Nilishuka kwa makalio, mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine unashika nyasi, mizizi, chochote. Radi ilipiga, nami nikaendelea kushuka. Nilifika mlangoni kwa Papa Bahati, nikagonga kwa ngumi. Hakuna aliyesikia. Nikagonga tena. Na hapo, nyuma yangu, juu kule, nikasikia mlio ambao haukuwa wa radi. Ulikuwa mzito na mfupi, kama magunia mengi yanatupwa chini kwa pamoja. Halafu ikabaki mvua peke yake.

Ndani sauti ikauliza, "Ni nani?"

"Ni Papa Nsimire!" nilipiga kelele. "Papa Nsimire! Fungula!"

Ndugu zangu, kinywa changu kilikuwa hakijawahi kutamka jina hilo. Mlango ukafunguka mara moja. Papa Bahati alinishika kola akanivuta ndani. Mke wake akawasha makaa, akamtoa mtoto kifuani pangu, akamkausha. Papa Bahati akachukua beleshi na tochi, akatoka mvuani kuwaamsha majirani wa pembeni. Nikataka kumfuata. Akasema, "Hapana. Weye kaa na mutoto."

Nsimire alikuwa anatetemeka sasa, anazungusha macho chumbani, na mkono wake uko shingoni, vidole vimebana pale chini ya kidevu. Anarudia, anarudia. Nikadhani ameumia shingo.

Mama Bahati akasema, "Hana kidonda. Anatafuta weye. Ile ishara njo jina lako."

"Jina langu? Juu ya nini shingo?"

Alinyoosha kidole kwenye kola yangu. Kisha akasema, "Juu ya ile abacost. Njo vile anakuonaka kila siku, unafunga vifungo, unaenda."

Nilipiga magoti mbele ya mtoto ili anione. Aliponiona aliacha kufanya ile ishara, akaniwekea kichwa begani, akalala. Sikumlaza mpaka asubuhi. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikauacha ufe.

Papa Bahati alirudi amelowa mpaka mfupa. Aliketi, akasema, "Batu bote biko wazima. Lakini ile kitanda yenu haionekane tena."

Asubuhi nilikwenda kuona. Ukingo ulikuwa umeshuka, ukuta wa nyuma umelala ndani, na chumba chetu kimejaa udongo mpaka kwenye dirisha. Pale kitandani, pale pakavu nilipotuvutia mimi mwenyewe, palikuwa na jiwe ambalo wanaume wanne walishindwa kulisukuma. Majirani walikuja na majembe, wakaanza kututolea vyombo. Hakuna hata mmoja aliyetaja mtaro. Ilinibidi niutaje mimi. Nilisimama kwenye potopoto nikasema, "Mutaro hii ni kosa yangu. Munisamehe." Papa Bahati akanipa jembe. Akasema, "Anzia pale." Hilo ndilo jibu nililopata, na lilinitosha.

Mke wangu alirudi siku iliyofuata. Mama yake alikuwa amepata nafuu, Mungu asifiwe. Kwenye maegesho ya malori watu walimwambia kwamba juu kule nyumba zimeanguka. Alipanda mlima anakimbia, kiatu kimoja kimebaki njiani. Alitukuta kwenye benchi la seremala, mimi namlisha mtoto bugali kwa mkono wangu. Alimshika Nsimire kichwa, mikono, miguu, kila kidole. Ndipo akaketi chini akalia.

Usiku ule nilimwambia yote. Nilimwambia na lile neno langu kwa shefu.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nyuma ya rido. Mutoto alikuwa ananiangalia uso, anaona ninalia, ananiuliza na mikono ni nini. Nikamwambia niko na kichwa inaniuma."

Msifikiri alinisamehe pale pale, ndugu zangu. Kwa muda mrefu alinipikia, alinifulia, lakini hakunizungumzia zaidi ya lazima. Nilikuwa nimejitafutia. Niliendelea kumwomba Mungu, na kila nilipotoka kazini nilikaa na mtoto sakafuni, naharibu zile ishara, yeye ananicheka. Jioni moja mke wangu alituangalia kutoka jikoni, akaacha mwiko, akaja akanishika vidole. Akavikunja vizuri. "Si vile. Ni hivi." Ndiyo siku tulipoanza upya.

Nilikwenda pia kwa shefu. Nikasimama mbele ya meza yake nikasema, "Shefu, nilikudanganya. Niko na mutoto. Anaitwa Nsimire. Hasikie." Alinitazama sana, akasema, "Sawa, Bisimwa. Rudia kazi." Nilitoka pale mwepesi kana kwamba nimetua mzigo wa miaka.

Sasa najua baadhi yenu mnangoja mwisho. Mnangoja niseme kwamba Nsimire anasikia. Ndugu zangu, hasikii. Ana miaka saba, ana akili, anajua kushona vifungo, anamwongoza mdogo wake kisimani, na hasikii hata radi. Nilimwomba Mungu amponye mtoto wangu, naye akaanza na mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Alinitoa chini ya ukuta, na alinitoa katika moyo ule wa jiwe. Sijui ni wokovu upi kati ya hiyo miwili ulikuwa mgumu zaidi kwake! Jina lake litukuzwe! Asante, Bwana! Asante kwa mke wangu, asante kwa nyumba ya Papa Bahati, asante kwa usiku ule ambao nilidhani umekuja kunimaliza.

Na sasa naongea na wewe. Sikujui, lakini najua uko hapa, kwa sababu mimi nilikaa kwenye benchi hilo miaka mingi. Umekuja kusali, na nyumbani umemfungia mtoto wako, yule asiyetembea, yule wa kifafa, yule ambaye watu wanamsema. Sikuhukumu. Nina haki gani? Nakuambia tu kwamba Mungu hakukosea anwani alipomleta kwako. Mtumaini. Hata kama sala yako ni fupi kama yangu, mtumaini.

Ibada ikiisha, usikimbie kama nilivyokuwa nakimbia. Tungoje pale mlangoni, mimi na Mama Nsimire. Tutatembea na wewe mpaka kwako, hata kama ni mbali, hata mvua ikituanzia njiani, tukamchukue huyo mtoto. Unitangulie tu kumwambia jina langu, Papa Nsimire, kwa namna yoyote anayoelewa.

Amina.